Mwanangu hataki kwenda chuo mwaka huu. Nimwache akae?

*"Mwanangu ana miaka 19. Amemaliza kidato cha sita Mei mwaka huu, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), akapata daraja la pili pointi 11. Tangu darasa la tano anasema atakuwa daktari. Ametoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) mwanzoni mwa Septemba, amekonda na amekuwa mkimya. Udaktari amekosa. Amechaguliwa shahada ya ukuzaji viumbe maji, ambayo aliijaza chaguo la tatu ili nafasi isibaki wazi. Sasa anasema haendi. Anataka akae mwaka mmoja, amsaidie mjomba wake kwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo, apumzishe akili, halafu mwakani aombe udaktari upya. Baba yake amesema mtoto akishika pesa harudi darasani, na kama hataki chuo atafute pa kulala. Sisi tuko Morogoro, mdogo wake yuko kidato cha tatu na anasikia yote. Huo mwaka utamjenga au utampoteza? Vyuo vinafunguliwa wiki chache zijazo."*

Mama, pole kwa kukaa katikati ya baba na mwana. Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, kazi niliyoifanya katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 20, na barua kama yako hunifikia kila Septemba, vijana wakishatoka kambini na majina ya waliochaguliwa yakishatoka mtandaoni. Kwa hiyo hauko peke yako, na mwanao hajafanya jambo la ajabu.

Umeuliza kama mwaka utamjenga au utampoteza. Kwa niliyoyaona, mwaka wenyewe haufanyi lolote kati ya hayo. Kinachoamua ni mambo mawili: kama kijana ana mahali pa kurudi mwaka ukiisha, na kama anajua siku zake zitajaa nini. Ukali wa mzee, duka la mjomba, maneno ya majirani, hayo yote yanakuja baadaye.

Nianze na baba yake, maana najua utamsomea. Mzee, hofu yako haikutoka hewani. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii, aliyekwenda kuuza makava ya simu "kwa miezi mitatu tu". Mwaka wa pili ukielekea mwisho nikapita kwenye kibanda chake. Alinipa kiti, akaagiza soda, akafungua daftari la mauzo anionyeshe. Jumamosi moja pekee alikuwa ameingiza faida ambayo mimi mshahara wangu unaifikia kwa siku tano. Nikamuuliza habari za chuo. Akafunga daftari. "Mwalimu," akasema, "kule ni miaka mitatu ya kukaa mfuko mtupu." Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo sithubutu kusema alikosea.

Lakini tazama jinsi alivyoondoka. Hakuwa na nafasi chuo chochote, hakuna aliyempangia tarehe ya kurudi, hakuna nyumbani aliyemuuliza kitu tangu siku alipopanda basi. Pesa ilivuta kamba upande mmoja, na upande wa pili hakukuwa na mtu aliyeishika. Ukimfukuza mwanao nyumbani, mzee, utakuwa umeiachia kamba wewe mwenyewe. Atakwenda Kariakoo vilevile, ila atakwenda akiwa na hasira, na mtoto mwenye hasira hachukui simu ya baba yake mwezi Juni wakati wa kuanza kujiandaa na maombi ya mwaka mpya.

Wapo wazazi wanaoniambia kukaa mwaka kabla ya chuo ni tabia ya Wazungu iliyoletwa na simu. Wenye umri wangu tunakumbuka vingine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa Musoma, na moja ya maamuzi yake lilikuwa kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Baada ya JKT ilimbidi afanye kazi, kwa kawaida miaka miwili, kisha mwajiri wake na tawi la chama wamwandikie kwamba anafaa. Wapo maprofesa na makatibu wakuu wastaafu walioingia chuo kwa njia hiyo, baada ya kuhesabu mifuko ya pamba au kufundisha shule za msingi. Waliopitia wengi husema iliwakomaza. Ila lipo jambo ambalo mama wa binti anapaswa kulijua: idadi ya wasichana waliofika chuoni ilishuka, kwa sababu miaka ile ya kusubiri iliwakuta na ndoa na watoto, na haikuchukua muda mrefu sharti hilo likaondolewa kwao. Mpango mmoja, vijana wa umri mmoja, matokeo mawili. Ungeniandikia kuhusu binti, ningekuuliza maswali mengine makali zaidi: atalala wapi, nani atamrudisha jioni, na nani hapo nyumbani ameshaanza kupokea salamu za wachumba.

Hata leo vijana wetu wanakaa. JKT kwa mujibu wa sheria ilisimama mwaka 1994 ikarudishwa 2013, na mwanao ametoka huko. Tangu alipoweka kalamu chini Mei mpaka chuo kufunguliwa ni karibu miezi mitano, ambayo mitatu ameimaliza kwenye kwata na kufyeka. Jirani zetu wa Kenya ndio wanakaa zaidi: KCSE inaisha Novemba, vyuo vinawapokea Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Mapumziko tunayo. Tatizo letu ni kwamba hatuyaiti mapumziko, basi hakuna anayeyapangia.

Na hao Wazungu wenyewe, tusiwaige nusu. Chuo cha Harvard kwa miongo mingi kimekuwa kikiwaambia waliokubaliwa kwamba wanaweza kusogeza mwaka mmoja. Malia Obama alifanya hivyo mwaka 2016. Watu wetu waliona picha za binti wa Rais yuko mapumzikoni, wakasahau kwamba jina lake lilikuwa tayari limeandikwa chuoni na kiti chake kinamsubiri. Uingereza pia mwombaji anaweza kuomba tangu mwanzo aingie mwaka wa mbele. Huko anayekaa mwaka kwa mpango anaondoka na barua mkononi.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya tafiti zionekane kupingana. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Robert Bozick na Stefanie DeLuca, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba waliochelewa kwenda chuo baada ya sekondari walikuwa na uwezekano mdogo wa kumaliza shahada. Miaka miwili baadaye Waaustralia Elisa Birch na Paul Miller wakaonyesha kwamba waliokaa mwaka mmoja kabla ya chuo walifanya vizuri kidogo zaidi mwaka wa kwanza. Mzee atachukua ule wa kwanza, kijana atachukua wa pili, mtapigana kwa karatasi. Lakini hawakuwa wakiangalia watu walewale. Wamarekani waliangalia kila aliyechelewa, na wengi wao walikuwa wa familia zenye kipato kidogo, ufaulu wa chini, wengine wameshaoa au kuzaa. Hata walipoyaweka hayo pembeni kwa hesabu, kuchelewa kulibaki na gharama yake. Waaustralia waliwaangalia waliokwishafika chuoni baada ya mwaka wao, yaani wale waliorudi. Waliopotea njiani hawakuwemo kwenye hesabu. Kwa hiyo ukiniuliza utafiti unasemaje, nitakwambia: anayerudi, hurudi amekomaa, kazi ni kurudi.

Sasa, kwa nini wengine hawarudi? Tangu darasa la kwanza mwanao amepigiwa kengele. Miaka 13 kuna mtu mwingine aliyemwambia saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kujisomea, mpaka kambini filimbi. Filimbi ikinyamaza, wiki tatu za kwanza ni starehe. Mwezi wa pili anaamka saa nne asubuhi, simu iko kifuani mpaka chaji iishe. Kuanzia Novemba wenzake wanaanza kurusha picha za chuo, boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limeingia, wamenunua viatu, naye anaanza kuwakwepa. Hesabu nazo zinavuja kichwani, hata ile BAM, hesabu za msingi waliyokuwa wakiisoma kwa kulazimishwa. Ikifika Julai dirisha la maombi likifunguliwa, fomu inamtisha kama mtihani, kwa sababu kuijaza ni kukiri kwamba mwaka umepita. Huyu hakuamua kuacha shule. Aliahirisha wiki kwa wiki mpaka ikawa ameacha.

Na wale wanaorudi wamekomaa, kinachowakomaza ni vitu vidogo ambavyo shule haina. Mteja anayerudisha chaja akitukana, na huwezi kumwitia mwalimu wa zamu. Bosi anayekwambia umekosea bila kukuandikia maksi. Kulipa nauli kwa pesa uliyoitafuta. Kijana aliyepitia hayo akikaa darasani anauliza maswali tofauti, na anajua kwa nini amekaa pale. Hilo nalithamini sana, na ndiyo maana siungi mkono wanaosema kukaa ni uvivu.

Kuna hofu nyingine ya kuondoa haraka: umri. Mwaka mmoja hautamzeesha. Matangazo mengi ya ajira serikalini huweka ukomo wa miaka 45. Majeshi ndiyo yenye ukomo wa chini, lakini hukuandika kwamba anataka jeshi.

Tuje kwake sasa. Anasema anataka kupumzisha akili. Mimi simwamini, na sisemi anadanganya. Nadhani hata yeye hajajua. Aliyechoka hulala wiki mbili akaamka na njaa. Mwanao ana msiba. Tangu darasa la tano anajiita daktari, na sina shaka hapo mtaani wapo waliokwishamzoea kwa jina la "dokta". Julai karatasi moja ilimwambia sivyo, kesho yake akarudi kwenye kwata, hakuna aliyekaa naye kulizungumza. Kuchaguliwa kozi ya samaki kwake ni kama kupewa mke mwingine siku ya arusi.

Hapo ndipo penye kosa kubwa kwenye mpango wake, na nakuomba umwambie taratibu. Anasema mwakani ataomba udaktari upya. Kwa cheti gani? Pointi 11 kwenye PCB ni kama C moja na D mbili. Vigezo vya chini vya kuingia udaktari vinataka afaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, na pengine vigezo hivyo anavyo. Ila kigezo cha chini ni ruhusa ya kupanga foleni. Nafasi ni chache, na mbele yake kwenye foleni wamesimama wa daraja la kwanza. Mwaka mzima wa kuuza chaja hautabadilisha herufi hata moja kwenye kile cheti. Mwakani atasimama na karatasi ileile, na mbele yake watakuwa wameongezeka waliofaulu mwaka huo. Akikosa tena, hapo ndipo nitakuogopea kweli.

Kama udaktari bado uko moyoni, mwaka utakuwa na maana kama atarisiti. Ajisajili Baraza la Mitihani (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie masomo, akae tena mtihani Mei. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo hili ni la kuuliza wiki hii. Tafuteni kituo chenye maabara inayofanya kazi, siyo chumba chenye ubao na kibandiko cha "PCB" mlangoni, maana kwenye masomo hayo vitendo ndivyo vinavyowaangusha watahiniwa wa kujitegemea. Na mjue kwamba anayerudia ili atoke D aingie B anahitaji kusoma saa tano sita kwa siku. Kariakoo ya saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku haikai na hilo.

Njia nyingine ni stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Wazazi wengi wakisikia stashahada baada ya kidato cha sita wanaona mtoto ameshuka daraja. Nawaelewa, lakini tabibu ndiye atakayekupokea ukipeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya usiku, na mwenye stashahada hiyo akifaulu vizuri anaweza baadaye kuomba udaktari. Ni safari ndefu. Kijana anayependa wagonjwa ataifunga. Anayependa koti jeupe ataishia mwaka wa kwanza. Muulize mwanao anapenda lipi, na usimpe jibu.

Na kuna ile kozi aliyoikataa. Sijui kama amewahi kuona bwawa la kufugia samaki. Mko Morogoro; Kingolwira pana kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, nauli ya kwenda haifiki hata bei ya kilo ya nyama. Mpeleke, au aende na rafiki yake, aangalie vifaranga wa sato wanavyopatikana, aulize wanaofanya kazi pale walisoma nini. Kozi hii ina biolojia na kemia aliyoisoma, kwa samaki badala ya watu. Ziwa Victoria sasa kuna ufugaji wa vizimba na unahitaji watu wanaojua maji, chakula na magonjwa ya samaki. Simlazimishi aipende. Nataka aikatae akiwa ameiona.

Akiiona na bado moyo ukakataa, msimsukume kwa nguvu. Hapa natofautiana na baba yake. Nimeona wengi walioingizwa kozi kwa kusukumwa: muhula wa kwanza mitihani minne ya kurudia, muhula wa pili anadisko, yaani anaondolewa chuo, anarudi nyumbani bila kozi na akiwa na deni. Wala asiingie akiahidiwa kwamba "utahama ukifika huko". Kuhama kozi kuna masharti na nafasi zake, na wengi walioingia kwa ahadi hiyo walikaa humohumo.

Nimetaja deni. Hili wazazi hawaambiwi mpaka limeshawafika. Kama aliomba mkopo Bodi ya Mikopo (HESLB) na amepangiwa, asipokee senti moja kama hana nia ya kusoma. Mkopo aliokwishapokea ni deni lake hata kama alikaa chuoni wiki sita, na utamsimamia mlangoni siku atakapoomba tena. Asiyekwenda kabisa hali yake ni nafuu kuliko anayekwenda akatoka. Akikaa mwaka mmoja hapotezi sifa ya kuomba mkopo, kwa sababu miongozo ya Bodi imekuwa ikiwaruhusu waliohitimu ndani ya miaka mitano, lakini mwongozo hutolewa upya kila mwaka, muusome wa mwaka huo. Na kupangiwa mwaka huu si ahadi ya kupangiwa mwakani, wala kwa kiasi kilekile. Mzee aliangalie hilo kuliko anavyoiangalia Kariakoo.

Kuhusu nafasi yenyewe ya chuo, nendeni ofisi ya udahili, au mpige simu kisha mwandike barua pepe ili jibu liwe la maandishi. Ulizeni: je, anaweza kuahirisha mwaka, ni lazima asajiliwe kwanza, ada gani italipwa, na nafasi itashikiliwa kweli au ataomba upya kama wengine? Vyuo havifanani kwenye hili. Jibu la mdomo la mtu wa mapokezi msilichukue.

Wakikubali kuahirisha, hapo mwaka wake unakuwa na mlango wa kurudi, na mimi ningemruhusu bila hofu kubwa. Wakikataa, na yeye hataki kurisiti wala stashahada, mwaka wa Kariakoo anaouomba utakuwa mwaka wa kukimbia matokeo. Kama angekuwa wangu, ningemwomba aende chuo mwaka huu, akiwa ameshapita Kingolwira, akajaribu kwa moyo. Ningemwomba; nisingemfukuza.

Mjomba naye tumzungumze, maana mara nyingi yeye ndiye anayeharibu bila kujua. Mjomba atasema "njoo tu, tutaonana", kijana atafanya kazi miezi sita bila mshahara kwa kuwa ni wa nyumbani, akidai ataitwa hana shukrani. Au mjomba atamwachia duka zima kwa kuwa ni mwaminifu, na hapo hatamwachia aondoke. Mpigieni mkae kwenye spika: analipwa kiasi gani kwa wiki, anatoka saa ngapi, na mwisho wake lini. Kama anarisiti, atoke saa nane mchana, na mwezi Machi duka alisahau kabisa. Sehemu ya pesa iingie kwenye akaunti yake, siyo ya mjomba na siyo yako, mama. Huo mwaka utumike pia kumaliza vikaratasi vinavyowaliza watu Julai: uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, namba ya NIDA, jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kidato cha nne.

Nina zoezi ambalo huwapa wote wanaoniambia wanataka kukaa mwaka. Nawapa karatasi nyeupe na kuwaambia: andika siku yako ya Jumanne, mwezi wa Februari, tangu kuamka mpaka kulala. Jumanne, kwa sababu haina sikukuu wala mpira wa kukuokoa. Kijana mmoja aliniandikia ukurasa: saa 11 anaamka kumsaidia bibi yake kukamua ng'ombe, saa tatu anapanda daladala kwenda kujitolea maabara ya kituo cha afya, saa kumi anasoma Kemia na mwenzake anayerisiti, kila mmoja ana sura yake ya kumfundisha mwenzie. Yule nilimwandikia wazazi wake siku hiyohiyo kwamba wamwache. Mwingine aliandika "naamka" akakaa dakika ishirini, kisha akacheka mwenyewe, akasema, "Mwalimu, nadhani niende tu chuo." Hakuna aliyemsema. Karatasi ilimsema.

Mpe mwanao karatasi hiyo. Asiandike mbele yako wala mbele ya baba yake. Mpe siku mbili.

Kabla ya hayo kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo nimelirudia mara tatu: "amekuwa mkimya". Kukonda ni JKT, kutarudi kwa ugali. Ukimya ndio wa kuangalia. Ukiona halali usiku au analala mchana kutwa, hali chakula alichokuwa anakipenda, amewakwepa hata marafiki aliokuwa nao kambini, na hali hiyo imepita wiki mbili, usiipe jina la jeuri. Kijana anayesema "mimi sina faida" au "bora nisingezaliwa" asiachwe peke yake siku hiyo, na apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako watu wa afya ya akili wapo. Si lazima kwanza aonekane "amechanganyikiwa". Vivyo hivyo ukigundua pesa ndogondogo zinapotea na mikeka ya kubeti inajaa kwenye simu yake. Mambo hayo hayatibiwi na chuo wala na Kariakoo, na uamuzi wa mwaka unaweza kusubiri mpaka awe mzima. Kama hayapo, na ukimya wake ni wa mtu aliyekosa alichokitaka, basi anahitaji mtu wa kukaa naye jioni moja bila kumshauri kitu. Pengine mtu huyo ni mzee. Akimwambia tu "najua ulikitaka kile kitu", watakuwa wamefika mbali kuliko kikao chochote cha ukoo.

Na mdogo wake, mwacheni asikie. Anachojifunza sasa ni jinsi nyumba yenu inavyomtendea mtu aliyekosa, na yeye mtihani wake ni mwakani.

Barua ya chuo ina tarehe ya mwisho ya kuripoti. Isomeni leo usiku, kabla ya mazungumzo mengine yote, mjue mna siku ngapi. NECTA na ofisi ya udahili ziulizwe kesho asubuhi.